Boneti ya Mazoezi

Nimeinunua kwa Murtazi, muuza vyuma chakavu wa Rustavi,
kwa lari ishirini na chupa ya divai iliyokwisha kuanza kuchacha:
boneti ya Opel iliyokufa kwa nguzo ya taa.
Upande wa kushoto imekunjamana kama uso wa mtu aliyelamba ndimu.
Upande wa kulia ni nzima. Upande wa kulia ndio shule yangu.

Gari lenyewe liko nyuma yangu, limefunikwa shuka la maua,
Volga nyeusi ya Shalva, shemeji yangu,
ambaye kila jioni huchungulia mlangoni, kofia mkononi,
na kuuliza neno moja tu: "Bado?"
Nami humjibu kwa neno lilelile, nimelivua kiulizo.

Wengine hupigwa msasa vyuoni, wakavishwa joho.
Mimi, baada ya miaka kumi na tisa ya kuhesabu tani za chuma cha wenyewe,
nimepigwa msasa na msasa.

Maji vuguvugu, tone la sabuni.
Karatasi ya elfu moja na mia tano imelowa tangu asubuhi
mpaka imelegea kama sikio la mbwa.
Naizungushia kipande cha mpira. Nasugua.
Kwenda, kurudi. Kwenda, kurudi. Si duara; duara huacha ushahidi.
Zile chunusi za rangi, lile ganda la chungwa, zinalala mojamoja,
na maji yanachuruzika meupe kama tui.

Nafuta. Ukungu mtupu.
Kinachometameta bado hakijaguswa,
kiko shimoni mwake, kinanicheka. Narudi palepale.
Elfu mbili. Elfu tatu.
Kidole kinasoma leo
kile ambacho jicho litakisoma kesho.

Jumanne niliunguza.
Ukingoni, bati linapopinda, rangi huwa nyembamba kama ngozi ya kitunguu.
Nilijua. Nilikuwa hata nimeandika ukutani kwa chaki: UKINGO!
Mashine ikanguruma, sponji ikapata moto,
nikasema, sekunde moja zaidi,
na sekunde hiyo ikafungua dirisha.
Chini ya fedha, buluu. Chini ya buluu, manjano ya teksi.
Chini ya manjano, kijivu, kisha bati tupu, limenikodolea macho.
Ala! Kumbe ulikuwa teksi?
Ulimbeba nani, usiku, na mabegi yake, toka stesheni hadi Tbilisi?
Nani alishuka bila kulipa?
Nikazima mashine. Nikakaa juu ya ndoo.
Kidonda kile sikukipaka kitu. Nilikizungushia tepu, nikaandika tarehe,
kama mhasibu anavyolizungushia deni.

Leo Ijumaa.
Krimu, matone manne, kila moja kama punje ya njegere.
Mwendo wa chini. Mkono mwepesi, mashine ijibebe yenyewe.
Kitambaa. Nafuta mara moja,
na humo ndani mna balbu, mna waya wa balbu, mna nzi juu ya waya,
mna kidevu changu pia, ambacho sikukiomba.

Nikaitoa nje ipate kuona mchana,
nikaiegemeza kwenye mzabibu, nikaenda kumwita Shalva.
Tuliporudi, jogoo wa Tsiala
alikuwa amesimama mbele ya boneti, shingo imemvimba,
anapigana na jogoo aliyemkuta mle ndani.
Donoa! Donoa! Manyoya, vumbi, matusi ya kijogoo.
Shalva alicheka mpaka akashika ukuta.
"Jogoo amekupa cheti, Dali," akasema. "Kesho tuifunue Volga."

Nikainama, nikapapasa.
Mikwaruzo kumi na mmoja. Miwili mirefu.
Mmoja umezama mpaka ukucha unakwama.
Nikavuta ndoo, nikatia karatasi majini.

"Bado," nikasema.